Si Mzuka, Ni Mtu: Kushinda Hofu ya Klauni

Maandiko: Marko 6:45–52, Mathayo 14:28–31, 2 Timotheo 1:7

 

Jumapili nilipotaja kichwa cha mahubiri, kuna wale walicheka. Niliwaona. Na nilielewa. Wengi wetu hapa tunaogopa karo, tunaogopa kodi ya nyumba, tunaogopa majibu ya hospitali. Sasa klauni ni nani hata tumpe ibada nzima? Mtu wa wigi na pua nyekundu?

Lakini wale mliokuwa kwenye sherehe ya watoto mwezi uliopita mnakumbuka. Klauni aliingia langoni akipuliza filimbi, uso mweupe, mdomo umepakwa nyekundu karibu ufike masikioni, viatu virefu kama mitumbwi. Watoto wengi walimkimbilia. Mmoja, wa miaka sita, alikimbia upande ule mwingine na kujificha chini ya meza ya chakula. Mtu mzima akamvuta kwa mkono, akambeba hadi kwa klauni, "amsalimie aache uoga." Mtoto akapiga nduru. Watu wakacheka, simu zikatolewa kurekodi. Mwingine akasema huyu ana roho fulani, aombewe hapo hapo.

Wazazi wake wameniruhusu niwaambie kilichofuata. Tangu siku ile, huyo mtoto hakubali kupita lango la kanisa. Jumapili tatu sasa mama yake anabaki naye nje, kwenye gari la jirani. Kwa hivyo hili si jambo la kicheko. Tuna mtoto ambaye anaogopa nyumba ya Mungu, na sisi ndio tulimfundisha. Fungua Biblia yako tuone Bwana anasema nini.

WANAUME WAZIMA WALIPIGA KELELE

Tuko Marko sura ya 6. Yesu amewalazimisha wanafunzi waingie kwenye mashua wavuke, Yeye akapanda mlimani kuomba. Upepo unawapinga, wanapiga makasia kwa taabu. Kwenye zamu ya nne ya usiku, yaani kati ya saa tisa na alfajiri, Yesu anawajia akitembea juu ya maji. Wao wanaona nini? Wanaona umbo. Hawaoni uso wanaoujua. Wakafikiri ni mzuka, na wote wakapiga yowe.

Ona ni akina nani hao. Wengine ni wavuvi, wamezaliwa kando ya ziwa hilo, usiku na maji ni kazi yao ya kila siku. Na ona tena: walikuwa mahali ambapo Yesu mwenyewe aliwatuma. Hofu haikuwapata kwa sababu wametoka kwenye mapenzi ya Mungu. Iliwapata ndani ya utiifu. Tena aliyekuwa anakuja alikuwa ni wa kuwasaidia, lakini macho yao hayakuweza kumsoma.

Mwambie jirani yako: hata mtume aliogopa umbo.

KWA NINI KLAUNI HASA?

Mungu alimuumba mwanadamu asome uso. Mtoto mchanga hajui neno hata moja, lakini anamwangalia mama yake usoni na kujua kama kuko salama. Ukifika ofisi ya mkubwa wako asubuhi, kabla hajasema kitu ushasoma uso wake na kujua kama leo ni siku ya kuomba ruhusa. Sasa mpake mtu rangi nyeupe, umchoree tabasamu ambalo halibadiliki. Akikasirika, anatabasamu. Akichoka, anatabasamu. Macho yanasema hivi, mdomo unasema vile. Kichwa cha mtazamaji kinakosa majibu, na kikikosa majibu kinapiga kengele.

Hii si maneno yangu tu. Mwaka wa 2023 watafiti wa chuo kimoja cha Wales walichapisha matokeo ya kuwauliza watu wazima 987 kutoka nchi nyingi kuhusu klauni. Zaidi ya nusu walisema wanawaogopa kwa kiwango fulani. Sababu iliyojitokeza kwa nguvu ilikuwa hiyo hiyo: ile rangi inaficha hisia za mtu, hujui anakusudia nini. Na mwaka wa 2008, Chuo Kikuu cha Sheffield kule Uingereza kiliwauliza watoto zaidi ya 250, wa miaka 4 hadi 16, wangependa wodi za hospitali zipambwe namna gani. Picha za klauni, ambazo watu wazima walidhani zinafurahisha, hazikupendwa, hata na wale wakubwa.

Ongeza yale tunayoyaona kwenye skrini. Kule Chicago, mwaka wa 1978, alikamatwa muuaji aitwaye John Wayne Gacy ambaye pia alikuwa akivaa kama klauni kwenye sherehe. Mwaka wa 1986 Stephen King akatoa kitabu chake kiitwacho It, kuhusu klauni anayewinda watoto, na filamu ya 2017 ikaisambaza hadithi hiyo dunia nzima. Leo mtoto wa darasa la pili anaiona vipande vipande kwenye simu ya mama yake, wakati mama anapika. Halafu Jumamosi tunamleta klauni kwenye sherehe na kumwambia, "Cheka!"

Kwa hivyo mpendwa, kama wewe ni mmoja wao, wewe si mjinga na hujarogwa. Mwili wako una alamu. Mnajua ile alamu ya gari inayolia usiku kwa sababu paka amepita juu ya boneti? Alamu si mbovu, na gari haliibiwi. Inahitaji tu kurekebishwa ijue tofauti ya paka na mwizi. Bwana alifanya hivyo kule ziwani, na alifanya kwa njia tatu.

1. HAKUWACHEKA, HAKUWANGOJESHA

Neno linasema aliongea nao papo hapo. Hakuwaacha wapige kelele kwanza ndio wakomae. Hakuwauliza mbele ya wenzao, "Nyinyi wavuvi wazima, hamwoni aibu?" Alianza kwa kuwapa moyo.

Nina ndugu mmoja hapa kanisani, na ameniruhusu niseme hili bila jina. Yeye ni dereva wa lori. Usiku wa manane yuko barabara ya Mombasa kwenda Malaba peke yake, wala hatetemeki. Mwanzoni mwa mwaka huu alikuja kwangu, akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ya chini, "Pasta, usinicheke. Mimi hicho kitu cha uso mweupe siwezi." Binti yake amefanyiwa sherehe ya kuzaliwa miaka miwili mfululizo, na miaka yote miwili baba alisema ametumwa safari. Hakuna safari. Alikuwa ameegesha lori mahali, amekaa ndani, kwa sababu alisikia kutakuwa na klauni. Binti yake anajua tu kwamba baba hapendi sherehe zake.

Mnaona hofu inavyoiba? Klauni hakumfanya lolote. Kuikimbia hofu ndiko kumemgharimu.

Wale tuliosoma biashara tunajua hesabu hii. Kukimbia ni kama Fuliza. Umekwama, unabonyeza, unapata nafuu sasa hivi. Ni tamu kweli. Lakini deni limebaki, na kila siku linaongezwa ada, na pesa ya kwanza kuingia ndiyo inamezwa. Kila ukikimbia unachokiogopa, moyo unatulia kwa dakika kumi, lakini ndani umejifundisha, "Nimepona kwa sababu nimekimbia." Mara ijayo hofu inakuja na riba. Leo unakwepa klauni, kesho unakwepa sherehe, kesho kutwa huendi hata supamaketi wikendi kwa sababu huenda yuko mlangoni na baluni.

Na yule anayecheka anakuongezea hilo deni. Mtu akichekwa haachi kuogopa. Anajifunza kuficha.

2. ALIJITAMBULISHA

Jambo la pili. Yesu aliwaambia ni Yeye. Uso hawakuuona vizuri, lakini sauti waliijua. Umbo la kutisha likapata jina, na likipata jina linakuwa mtu.

Hii ndiyo dawa kubwa ya hofu ya kitu kilichofichika: kifichuliwe polepole. Ndani ya lile vazi kuna kijana wa watu. Amepanda matatu na begi lake, rangi zake amenunua kwa pesa yake, anatafuta riziki ya halali. Ana mama. Pengine ana mtoto nyumbani. Rangi hiyo nyeupe yenyewe ni desturi ya jukwaani, iliyopewa umaarufu na mwigizaji Joseph Grimaldi kule London, miaka zaidi ya 200 iliyopita, na kazi yake ilikuwa kuwachekesha watu. Leo kuna maklauni wanaofanya kazi mahospitalini, wakiwatuliza watoto kabla ya upasuaji, na wapo watoto wengi wanaofarijika. Kwa hivyo tusimgeuze huyu kijana kuwa shetani. Upendo unamhusu na yeye pia.

Kwa sababu hiyo tumekubaliana na idara ya watoto. Tukialika klauni tena, ataingia na uso wake mtupu. Atasema jina lake, atawasalimia watoto, kisha atajipaka rangi mbele yao, kidogo kidogo, na anayetaka kumshikia kioo atamshikia. Mwisho wa sherehe atajipangusa mbele yao pia. Mtoto aone kwa macho yake mtu akiingia kwenye rangi na kutoka. Na anayetaka kukaa mbali atakaa mbali, bila kuulizwa.

3. ALIINGIA NDANI YA MASHUA

Hapa ndipo wengi tunakosea. Yesu hakuwaambia waruke majini wamfuate. Yeye alienda walipokuwa, akapanda mashuani, na upepo ukatulia. Kwenye Mathayo 14 tunasoma kwamba Petro aliomba mwenyewe kutoka. Aliomba, akaitwa, akapiga hatua. Alipoona upepo na kuanza kuzama, Bwana alimshika mkono papo hapo. Ndiyo, alimuuliza kuhusu shaka yake, lakini alimuuliza mkono wake ukiwa tayari umemshika. Mkono kwanza, mpendwa. Swali baadaye.

Kumbeba mtoto anayelia na kumtupa mikononi mwa klauni ni kumtoa Petro mashuani kwa nguvu. Na kumwambia asimwone klauni maisha yake yote ni kumfungia mashuani. Kuna njia ya katikati, na ni ya hatua.

Mwaka wa 1924, mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Mary Cover Jones aliandika kuhusu mtoto mdogo ambaye vitabuni anaitwa Peter, aliyeogopa sungura. Hakulazimishwa. Sungura aliletwa akiwa kwenye kizimba, mbali, huku mtoto akila kitu anachokipenda. Siku nyingine akasogezwa kidogo. Pia waliletwa watoto wengine wasioogopa, awaone wakicheza naye. Mwishowe Peter alimgusa sungura mwenyewe, akamwacha amtafunetafune vidole. Washauri wa leo bado wanafuata njia hiyo kutibu hofu za namna hii.

Ndugu yetu dereva tulifanya naye vivyo hivyo. Tuliomba, kisha tukachukua karatasi tukachora ngazi. Chini kabisa kile kinachomtisha kidogo, juu kabisa kile asichoweza. Ilikuwa hivi:

Kwanza, mchoro wa klauni. Aliamua kumwambia binti yake ukweli, na mtoto, bila kucheka, akamchorea baba klauni kwa kalamu za rangi. Baba akaukunja, akauweka kwenye lori.
Pili, picha halisi kwenye simu, aiangalie hadi moyo utulie.
Tatu, video fupi bila sauti, halafu na sauti.
Nne, kushika pua nyekundu ya plastiki mkononi, halafu kuivaa mwenyewe mbele ya kioo.
Tano, kumwona klauni akiwa mbali, ng'ambo ya uwanja.
Sita, kumsogelea na kumsalimia.

Sheria zilikuwa tatu tu. Ya kwanza, usipande ngazi inayofuata kabla ya hii kutulia. Ya pili, usiondoke hofu ikiwa kileleni. Moyo utapiga, mikono itatoa jasho, lakini hofu ni kama wimbi, ikipanda lazima ishuke. Vuta pumzi polepole, itoe polepole zaidi, ungoje ishuke ndipo uondoke. Ukiondoka kileleni, umechukua Fuliza tena. Ya tatu, usipande peke yako. Kuwe na mtu mashuani.

Jumamosi iliyopita tulikuwa ngazi ya tano. Tulisimama ng'ambo ya maegesho ya supamaketi, klauni akigawa baluni mlangoni. Ndugu alinishika bega mpaka likauma. Tulikaa dakika ishirini. Bado hajamaliza, na mwezi ujao binti yake anatimiza miaka tisa. Lakini alisema, "Pasta, nimemwona akikohoa. Ameshika kifua akakohoa kama mtu." Nikamwambia, ndugu yangu, hiyo ndiyo hatua. Ameanza kumwona mtu.

JE, NI PEPO?

Swali hili mliniuliza, na nitalijibu wazi. Sisi ni kanisa linaloamini maombi, na hatuachi. Lakini si kila kutetemeka ni pepo. Yesu aliyekemea mapepo mara nyingi hakukemea kitu ndani ya wanafunzi usiku ule. Aliongea nao, akaingia mashuani.

Kwenye 2 Timotheo 1:7 Paulo anamkumbusha Timotheo kwamba roho ya woga haitoki kwa Mungu. Hapo wengi tunaishia, tunapiga makofi. Endelea kusoma. Anataja vitu vitatu ambavyo Mungu ametupa mahali pa woga: nguvu, upendo na kiasi. Nguvu ya kusimama ng'ambo ya uwanja dakika ishirini. Upendo wa kumshika mwenzako bega bila kumcheka. Na kiasi, yaani akili tulivu, ya kupanda ngazi moja moja. Tukikemea tu na tusitembee na mtu, tumempa nguvu ya asubuhi moja, halafu tumemwacha peke yake na zamu ya nne ya usiku.

Na hili nalo lisikike: kama hofu yako inakunyima usingizi, inakuzimisha, inakufanya ushindwe kazi au shule, muone mshauri nasaha aliyesomea au daktari. Kwenda kwa mshauri si kukosa imani. Dereva haombei breki tu. Anaombea, na anapeleka gari kwa fundi.

KWA WAZAZI NA WALIMU WA SHULE YA JUMAPILI

Usimlazimishe mtoto kusalimia anayemwogopa, awe klauni, awe mtu aliyevaa vazi la mnyama, awe Baba Krismasi wa dukani na ndevu zake za pamba. Chuchumaa uwe kimo chake. Mwambie, "Naona umeogopa. Niko hapa." Msimame mbali pamoja. Akitaka kusogea, sogeeni. Usitumie klauni kumtisha ili alale au ale. Usimrekodi akilia. Na angalia anachokiona kwenye simu yako.

KAZI YA WIKI HII

Kwa kila nyumba: ulizaneni mezani kila mtu anaogopa nini, baba aanze. Asiyeogopa asicheke. Kila mmoja aandike hofu yake moja na achore ngazi yake, hata ya hatua tatu tu, kisha achague nani atakuwa naye mashuani.

Na kwa kanisa lote: yule mtoto wetu wa miaka sita ana ngazi yake pia. Jumapili ijayo mama yake atamleta langoni tu. Haingii. Atasimama, aangalie, aende nyumbani. Aliyemvuta mkono siku ile ameshaenda kwao kuomba msamaha, na Mungu ambariki. Ukimwona pale langoni, usimzunguke, usimbebe, usimpigie vigelegele. Msalimie kwa jina lake, kwa sauti ya chini, aone uso wako, kisha upite. Jumapili inayofuata, labda hatua moja zaidi.

TUOMBE

Bwana Yesu, uliyewajia watu wako usiku wakadhani wewe ni mzuka, tujie na sisi. Tupe kusikia sauti yako kabla ya kuona. Wasamehe wote waliocheka. Mshike mkono kila anayepiga hatua leo, mdogo kwa mkubwa. Kumbuka yule baba na binti yake mwezi ujao. Tufanye tuwe watu wa kuingia kwenye mashua za wenzetu. Kwa jina la Yesu. Amina.